Kibarua wa Mungu

Mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na minne, mvua ilikataa kwetu Ukambani, upande wa Matiliku, na baba yangu akafa kabla mahindi ya manjano ya msaada hayajatufikia. Nilikuwa darasa la nne. Usicheke. Siku hizo mtu alianza shule akishamaliza kuchunga, si akishajua kushika penseli. Ng'ombe wetu wakafa, wakaisha, na shule nikaiacha pale pale kwenye hesabu ya kugawanya. Mpaka leo sijui kugawanya. Kuzidisha ninajua sana.

Nilianza na punda wa mama. Nilichimba mchanga wa mto mpaka maji yakatoka, nikajaza mitungi kwa kikombe, nikapeleka sokoni Tawa. Kutoka maji nikaingia matofali. Kutoka matofali nikaingia ndengu, yaani choroko, nikizunguka Kasikeu nyumba kwa nyumba na mizani yangu begani. Shamba nililipata kipande kwa kipande, kama mtu anayeshona blanketi la viraka. Hakuna mtu aliyenisaidia. Hayo nimeyasema mazishini, harusini, na kwenye mikutano ya maji, mpaka mke wangu, ambaye ni mtu wa Kitui na kwa hivyo ana mdomo, akaniuliza mbele ya wageni: "Hata kuzaliwa ulijizaa?"

Kanisani nilienda vile nilivyokuwa nikienda kazini. Mapema, shati safi, na sikusinzia. Saruji ya sakafu ile mnayoikanyaga ni yangu. Lango ni langu. Na nyumbani, wakati wa kuomba, nilimpa Mungu ripoti: "Bwana, wiki hii nimefanya hili na lile, na lile lingine umeliona mwenyewe. Sasa na wewe ukumbuke upande wako." Mke wangu alikuwa akinifinya paja nikifika hapo. Mimi sikuona shida. Kibarua akimaliza kazi, si huenda kwa mwenye shamba kusema amemaliza?

Kisha wakatuletea mchungaji kijana. Viatu vyenye ncha, mbuzi hana hata mmoja. Jumapili ya kwanza alihubiri kwamba upendo wa Mungu ni wa bure, hakuna mtu anayeweza kuununua wala kuufanyia kazi. Nikamngojea mlangoni.

"Mchungaji, ukiwaambia watu hivyo, nani atafagia kanisa?"

"Kwani mzee, wewe hufagia?"

"Mimi hulipa mtu anayefagia."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Kitu cha bure ninakijua. Yale mahindi ya manjano yalikuwa ya bure, na yalikuwa na wadudu.

Sasa lazima nieleze mwethya, kwa sababu kuna watoto wa mjini watasoma hapa. Mwethya ni kikundi cha kazi. Leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule. Unakuja na jembe lako, ukichelewa unatozwa faini, na zamu yako ikifika wote wanahamia kwako. Ukambani karibu kila tuta unaloliona lilichimbwa hivyo. Isipokuwa matuta yangu. Mimi niliajiri. Mwenyekiti wa mwethya wa kanisa letu ni mama mmoja mjane wa rika langu, mwenye sauti ya kengele ya shule. Miaka mingi iliyopita alikuja kuniomba nijiunge, na mimi nikamjibu mbele ya watu: "Mwethya ni ya wale hawana mfuko." Alinitazama kidogo, akafunga leso yake vizuri, akaenda.

Mwaka huu, Januari, ndipo mambo yalipotokea.

Misimu miwili ilikuwa imetupita bila kitu. Ghala langu lilikuwa na panya tu, na hata wao walikuwa wamekonda. Mbegu niliyopanda ilikuwa ya mwisho. Nilipanda shamba lote la chini ndengu, na mvua ya Novemba ikaja kama ilivyokuwa ikija zamani, na ndengu zikakubali. Nilikuwa ninaamka asubuhi kuzitazama tu. Kama zile zingeingia ghalani, tungekula, tungepanda tena, na jina langu lingebaki jina. Kama hazingeingia, ningerudi kwa punda na mitungi.

Lakini ndengu si mahindi, haingoji mtu. Ganda likishakuwa jeusi, jua la saa sita likilipiga linapasuka lenyewe na kumwaga mbegu chini. Na mvua ikiinyeshea imekauka, inaota ndani ya ganda. Hapo mnunuzi hata mkono hatii. Lazima ichumwe kwa mkono, haraka, na watu wengi.

Nami wiki hiyo hiyo nikapigwa teke na punda. Punda wangu mwenyewe, niliyemlea, niliyemnunulia dawa ya minyoo. Nilipita nyuma yake nikifikiria ndengu, na yeye sijui alikuwa akifikiria nini. Mfupa wa mguu ukavunjika nikiusikia. Hospitalini wakanifunga plasta kutoka kidole mpaka pajani, na daktari, msichana mdogo kabisa, akaniambia nisikanyage chini mpaka aseme yeye.

"Na ndengu zangu?" nikamuuliza.

"Zina mguu uliovunjika?"

"Hapana."

"Basi mimi sizitibu."

Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye kiti cha plastiki barazani, nikatoa simu, nikaanza kutafuta vibarua. Nilimpigia wa kwanza. "Pole mzee, niko kwa ndengu zangu." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akaniambia, "Mzee, hata mimi ninatafuta vibarua, ukipata unigawie." Kumbe ile mvua nzuri haikunyesha kwangu peke yangu. Kila mtu alikuwa ameinama shambani kwake. Niliongeza malipo. Nikaongeza tena. Mmoja akanijibu, "Hata ukinipa na punda, mzee." Punda, aisee! Habari ilikuwa imeshafika mpaka Kasikeu.

Nikampigia mwanangu wa Mombasa. "Baba, tunakuombea." Nikampigia wa Nairobi. "Baba, tunakuombea." Nikamwambia maombi hayachumi ndengu, nikakata simu.

Sisi Wakamba huzipa njaa majina. Kuna moja iliitwa nikw'a ngwete, yaani nitakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na hakukuwa na chakula cha kununua. Nikaketi pale na mfuko wangu nikaelewa jina hilo vizuri. Mke wangu alikuwa anachuma peke yake tangu alfajiri, kiondo kwa kiondo, na ukitazama lile shamba ungedhani hajagusa. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yanajipanga.

"Hata mawingu yenu yanatoka Kitui," nikamwambia aliporudi.

"Nyamaza baba watoto. Mgongo unaniuma."

Jumamosi hiyo jioni alikwenda mazoezi ya kwaya, akarudi, akanipikia, hakusema neno. Mwanamke wa Kitui akinyamaza, ujue kuna kitu kinatembea.

Jumapili asubuhi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na lango, magongo kando, nikilinda ndengu kwa macho. Nikasikia nyimbo. Nikadhani ni watu wa mkutano wa injili wanapita kwenda sokoni. Nyimbo zikakata kona. Nikaona kanisa lote linakuja: akina mama na viondo, wazee na maturubali, vijana na magunia tupu, watoto migongoni, sufuria kubwa imebebwa na watu wawili kwenye mti. Mbele kabisa mchungaji, ndani ya gambuti, vile viatu vya mpira vya matope.

"Mnaenda wapi?" nikauliza.

"Kwako," akasema mwenyekiti wa mwethya.

"Leo ni Jumapili! Ibada je?"

"Tumeomba kwa ufupi," akasema mchungaji. "Mzee, si Yesu aliwauliza, ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya sabato, hutamtoa?"

"Ng'ombe wangu wako zizini. Hakuna aliyetumbukia."

"Leo ng'ombe ni wewe," akasema yule mama, na kanisa lote likaangua kicheko, hata wazee wa kanisa, hata mke wangu aliyekuwa ameshatokea nyuma yangu na kiondo chake.

Nikainua mkono, nikaeleza bei. Nilisema nitalipa kila mtu mara mbili ya kibarua cha kawaida, watoto nusu. Wakanitazama kama mtu anayeongea usingizini.

"Weka mfuko chini," akasema yule mama, "usije ukakuangukia mguu wa pili."

"Basi niandikeni zamu. Nikipona nitakuja kwa kila mmoja wenu."

"Utachimba na nini, na plasta? Na hatukuja kwa zamu. Wewe si mwanachama. Ulisema mwenyewe."

"Kwa hivyo mmekuja kama nini?"

Alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama gambuti zake. "Tumekuja tu," akasema yule mama.

Tumekuja tu. Ninyi hamwezi kujua neno hilo liliniuma namna gani. Angalau wangenisimanga ningejua mahali pa kushika. Nilichukua gongo moja, nikaliweka katikati ya lango kama kizuizi cha polisi, nikasema hakuna mtu atakayeingia shamba langu bila kuchukua kitu. Mimi si maskini. Sijawahi kuokotwa.

Walisimama pale. Upande wa mashariki ngurumo ikapiga, mbali, kama mtu anayesogeza meza. Mke wangu akaja mbele yangu. Mwanamke huyo amekula nami sahani moja kwa miaka mingi, na sikumbuki kumwona na uso ule.

"Ukiwarudisha," akasema polepole, "mimi ninarudi nao. Utabaki na gongo lako."

Akalitoa lile gongo, akalisimamisha ukutani, akafungua lango. Sikusema ndiyo. Hapana pia sikusema. Kwangu mimi hayo yalikuwa maendeleo.

Wakaingia. Na mara moja nikaona mateso ya mtu anayetendewa mema: huna kazi. Nikapiga kelele, "Anzeni upande wa juu, huko zimekauka zaidi!" Sauti ya kengele ikajibu kutoka katikati ya ndengu, "Mzee, shamba ni lako, lakini leo midomo ni yetu!" Nikamwita mke wangu mbuzi achinjwe, yule dume wa kahawia, angalau wale nyama nipumue. Jibu lake likaja, "Mbuzi mwache aishi. Nani ana wakati wa kuchuna?" Kumbe ile sufuria ilikuwa ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, yakapikwa na maharagwe. Walikuwa wamekuja kwangu na chakula chao. Na sahani ya kwanza wakaniletea mimi, niliyekuwa nimeketi.

Mchungaji akaja na kijasho chake. "Mzee unataka kazi?"

"Ninataka."

Akanipa mtoto. Msichana wa miezi kama saba hivi, mashavu kama maandazi, mama yake alikuwa anashindwa kuinama naye. Kabla sijabisha akanipakatisha, na yeye mchungaji akakimbia. Baada ya hapo akina mama wengine wakaona mahali pazuri pa kuacha watoto. Wale wa kutambaa waliwekwa kwenye turubali miguuni pangu. Mimi, mzee wa mizani, nikawa yaya.

Yule wa mapajani alinitazama sana. Akanivuta ndevu. Akajaribu kula kifungo cha shati. Kila mama aliyepita na kiondo kichwani akienda kumwaga kwenye turubali kubwa alisimama kumwambia maneno: "We kaupendo kangu! We kasukari!" Mpaka wazee, mikono imejaa vumbi la ndengu, walimgusa shavu. Kisha, bila hata kunionya, akakojoa. Maji ya moto yakaingia ndani ya plasta, mahali ambapo hata kitambaa hakifiki.

"Wewe!" nikamwambia. Akacheka. Ana meno mawili.

Nilitaka kukasirika na nikashindwa. Nilijikuta ninamfunika na koti langu, kwa sababu upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Na hapo, nikiwa nimelowa, nikaanza kumhesabia kama ninavyomhesabia mtu yeyote. Huyu amefanya nini? Hajachuma hata ganda moja. Saruji hajatoa. Amekula, amelia, amenikojolea. Na ukisema leo anayependwa zaidi katika shamba hili ni nani, si mimi mwenye shamba, na mchungaji pia si yeye. Ni huyu. Na wala hashangai! Hajiulizi atalipa lini. Analala tu kifuani mwa mzee asiyemjua, mdomo wazi.

Sasa sikiliza, kwa sababu haya sikusoma popote, niliyapata mwenyewe kwenye kiti cha plastiki. Kibarua hulipwa jioni akaenda kwake. Mtoto halipwi, na hana kwingine kwa kwenda. Miaka yote hiyo nilikuwa ninasimama mlangoni pa Mungu na jembe, nikingoja kulipwa, na yeye yuko ndani anashangaa kwa nini mtoto wake haingii kula. Sisemi ile saruji ilikuwa bure. Sakafu ni nzuri, na ni yangu. Ninasema tu hakunipenda kwa sababu ya sakafu. Alinipenda tangu nikiwa na punda mmoja na njaa, na labda hata nilipokuwa na meno mawili.

Mchungaji kijana alikuwa amesema hayo hayo mwaka mzima. Lakini yeye alisema akiwa na viatu vyenye ncha.

Saa kumi mvua ilikuwa imeshafika mlimani, tunaiona nyeupe. Hapo hakuna aliyekuwa anaimba tena. Watu walikimbia. Maturubali yalishikwa pembe nne nne yakaburutwa na ndengu ndani yake, magunia yakaingia ghalani kwa mabega, mke wangu akisimama mlangoni akipiga kelele kuliko wote. Gunia la mwisho liliingia na matone makubwa ya kwanza. Kisha ikapiga bati, hata kuongea huwezi. Kanisa lote likajazana sebuleni kwangu, matope juu ya vitambaa vya viti, watoto chini ya meza, mimi katikati mguu umenyooshwa kama bunduki.

Ilipopungua kidogo mchungaji akasema, "Mzee, neno."

Watu wengine wakaketi vizuri, kwa sababu wananijua. Mimi nikipewa neno hulirudisha jioni. Nilisimama kwa magongo. Nilikuwa na la kusema juu ya bidii, na lingine juu ya vijana. Nikamtazama yule mama mwenyekiti, leso yake imelowa, vidole vyake vimechubuliwa na maganda. Nikayaacha yote mawili.

"Nĩ mũvea," nikasema. Asante. Nikaketi.



"Amemaliza?" akauliza yule mama. "Huyu? Mpigeni picha haraka!"

Walicheka mpaka mvua ikaacha.

Usiku huo tulipoomba, mke wangu aliweka vidole tayari kwenye paja langu lile zima. Nikasema, "Baba, niko hapa." Nikanyamaza. Akafungua jicho moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mguu unakuuma sana?"

Plasta ilipotolewa, nilichukua jembe nikaenda kwenye mwethya, kwa mtu mmoja wa chini ya mto. Yule mama akaniona nikichechemea, akashika kiuno.

"Umekuja kulipa?"

"Nimekuja tu," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akanitoza faini ya kuchelewa, kama mtu yeyote, na akanionyesha mahali pa kuchimba. Sijawahi kutoa pesa nikiwa na furaha namna hiyo.

Nilisema mwanzoni nilikotoka, basi niseme na nilicho nacho leo, ili mtu asidhani nimekuwa maskini kwa sababu nimekuwa mpole.

Nina shamba la ekari kumi na moja, lina matuta yote. Nyumba ya matofali yangu mwenyewe, vyumba vinne, bati jipya. Tangi la maji. Ng'ombe watano na jembe la kukokotwa. Mbuzi ishirini na wawili, pamoja na yule dume wa kahawia. Punda wawili, mmoja ninapita mbele yake tu. Mizani ya kwanza, bado inasema kweli. Ghala moja, magunia kumi na manne ya ndengu, tumeanza kula. Mke mmoja, wa Kitui. Watoto wanne, wajukuu sita. Redio. Biblia ya Kikamba, ninaisoma polepole. Na fimbo ya kutembelea, imechongwa vizuri, kichwa laini. Hiyo nilipewa.